Tathmini ya Baba Kibovu

Picha ilimtoa Abubakari vizuri kuliko picha zote alizowahi kupigwa maishani, ikiwemo ile ya kitambulisho inayomwonyesha kama mtu anayetafutwa na serikali. Amesimama kwenye shamba lake la karoti, jembe begani, kofia imekaa sawasawa, meno yote yako nje. Pembeni yake yupo binti yake Rahma, mwenye miaka minne na miezi kadhaa, amefungwa kitenge kiunoni, na ncha ya pili ya kitenge hicho imefungwa kwenye shina la mti. Rahma naye anacheka.

Mtu wa Malindi, hii ya milima ya Lushoto si ya pwani, haulizi kwa nini mtoto amefungwa. Mashamba ya huku yameegeshwa kwenye mlima, hayakulazwa. Kiazi kikikuponyoka tuta la juu, unakwenda kukiokota mtoni. Mzazi akiwa peke yake shambani humfunga mtoto kiunoni, kwa urefu wa kumtosha kucheza na ufupi wa kumzuia asifike ukingoni, kisha anapalilia moyo ukiwa umetulia. Abubakari mwenyewe alifungwa hivyo na mama yake, Bi Hawa, na mti aliofungwa anaujua mpaka leo. Siku ile ya picha Bi Hawa alikuwa kijiji cha Mlola, msibani. Hidaya, mama yake Rahma, alikuwa na miaka miwili kaburini. Magugu yalikuwa yamezidi karoti. Kwa hiyo alimfunga.

Mtalii akapita njia ya juu. Alikuwa mama wa mjini, mwenye fimbo mbili za kupandia milima, akasimama na kuuliza kwa adabu kama anaweza kupiga picha. Na Abubakari, badala ya kukataa, au angalau kukubali huku akiendelea na kazi yake, alimwambia asubiri kidogo aweke kofia vizuri.

Siku nne baadaye picha ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu mpaka ikafika ofisi ya ustawi wa jamii, Lushoto, ikiwa na maneno chini yake: BABA AMFUNGA MWANAWE KAMA MBUZI, ACHEKELEA. Siku ya tano akaja Bwana Nathanaeli, afisa ustawi, na gari, na askari wa kike, na karatasi yenye muhuri. Rahma akachukuliwa.

"Ungenuna hata kidogo," Bi Hawa alimwambia mwanawe siku hiyo, macho yakiwa yamemvimba kwa kulia. "Mtu anafunga mtoto huku meno nje. Hata mimi niliyekuzaa, nikiiona ile picha, nakuogopa."

"Mama, mimi nilidhani anapiga karoti."

"Karoti ndizo zilizovaa kofia?"



*

Rahma alipelekwa kukaa kwa Sista Secilia, muuguzi mstaafu wa Lushoto mjini, ambaye ofisi ilikuwa imemwandikisha kuwa mlezi wa muda kwa watoto wa namna hiyo. Angekaa huko mpaka baba yake afanyiwe tathmini ya kisaikolojia, ijulikane kama anafaa kuwa mzazi. Abubakari aliyarudia maneno hayo njia nzima: tathmini ya kisaikolojia. Katika miaka yake arobaini na moja alikuwa amepimwa mara moja tu, kwenye mtihani wa darasa la saba, na matokeo yake yanajulikana kijiji kizima.

Mwanasaikolojia aliitwa Jesca. Alikuja mara mbili kwa mwezi kutoka makao makuu ya mkoa, akapewa chumba kwenye ofisi za halmashauri, chumba ambacho dirisha lake lilitazama baraza la watu wanaosubiri. Abubakari aliingia siku yake akiwa amevaa koti la ndoa ya kaka yake, amejiandaa kukutana na mwanamke wa makamo mwenye miwani. Alikuta binti wa miaka kama ishirini na saba.

Hapo hapo akaharibu. Cheo cha binti kilimtia hofu, akainama na kusema, "Shikamoo."

"Shikamoo," alisema Jesca wakati huo huo, kwa kuwa yeye ndiye mdogo.

Wakatazamana. Shikamoo mbili zilikuwa mezani na hakuna wa kuitikia.

"Marahaba," alisema Abubakari hatimaye, kwa sauti ya mtu anayelipa faini. Kisha akaona amejikweza mno, akaongeza, "Mheshimiwa."

Jesca alitabasamu, akamkaribisha kiti. "Baba Rahma, nitakuuliza maswali. Usiogope. Hakuna jibu sahihi wala jibu baya."

Abubakari akafurahi. Mtihani usio na jibu baya hata yeye angeufaulu. Furaha hiyo haikudumu dakika kumi.

"Tangu mtoto aondoke, unalala vizuri?"

Ukweli ni kwamba alikuwa halali. Alikuwa akikaa kitandani akisikiliza upande wa ukuta ambako Rahma hulala na bibi yake, akisubiri kusikia kikohozi au teke. Lakini mwanamume hawezi kumwambia binti wa watu kwamba anakosa usingizi kama mjamzito. "Nalala kama gogo," alisema.

Jesca akaandika.

"Umewahi kuwa na mawazo ya kujidhuru?"

"Kila bei ya karoti ikishuka."

Alicheka peke yake. Jesca aliandika tena, safari hii kwa muda mrefu, na Abubakari akaanza kuhisi kwamba kuna mzaha ambao haupaswi kuvuka kizingiti cha ofisi. Ila mdomo wake ulikuwa umeshazoea. Tangu utotoni, akibanwa, hucheka, akicheka, hujichongea.

"Kwa kipimo cha moja mpaka kumi, ungejipa ngapi kama mzazi?"

Abubakari aliwaza. Kumi ni ya Mungu. Tisa ni ya mitume. Mtu mwenye haya zake hajipi hata tano mbele ya mgeni.

"Mbili," alisema.

"Kwa nini mbili?"

"Moja ingekuwa kama najidharau."

Kalamu ikakimbia. Kisha Jesca akaiweka chini, akaunganisha vidole vyake, akamtazama kwa upole wa kweli. "Sasa nieleze kuhusu Rahma. Niambie mazuri yake. Ni mtoto wa namna gani?"

Abubakari alitazama dirishani. Barazani watu kumi na wawili hivi walikuwa wamekaa kwenye benchi, wote kimya, wote masikio. Mama mmoja alikuwa amegeuka kabisa.

"Rahma?" alisema kwa sauti ya kuwafikia wote. "Ah. Yule hana cha kueleza."

"Hata kimoja?"

"Ana pua kama boga. Mbishi. Anakula kuliko mimi. Akilala anakoroma kama mashine ya kusaga."

"Na nyumbani mnamwita nani?"

"Kibovu."

Jesca aliliandika jina hilo. "Kibovu," alirudia.

"Ndiyo. Hata mimi kijijini naitwa Baba Kibovu."

Sokoni, muuzaji huweka matunda mazuri juu ya tenga na mabovu chini. Kwa mtoto, nyumba ya Bi Hawa ilifanya kinyume. Mtoto wao hakusifiwa mbele ya watu, hakutajwa uzito wake, hakuambiwa amependeza hata siku ya Idi. Aliitwa jina baya ili jicho la mtu likimpitia lisitue. Abubakari alitoka chumbani akiwa ameridhika kabisa. Watu wote wale walikuwa wamesikia, na hakuna hata mmoja ambaye angemtamani Rahma. Alikuwa amemlinda mwanawe vizuri sana.

*

"Umejinyonga mwenyewe, bwana," alisema Nathanaeli wiki iliyofuata.

Alikuwa amemwita ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa Mbeya aliyehamishiwa Lushoto mwaka juzi, hajazoea baridi, mwenye mafaili mengi kuliko kabati. Aliifungua ripoti ya awali na kuisoma kwa sauti, akipunguza ukali kadiri alivyoweza, lakini karatasi ilikuwa na ukali wa kutosha kwa wote wawili.

"'Mzazi haonyeshi kuathirika na kutokuwepo kwa mtoto, anasema analala vizuri. Mzazi alitaja mawazo ya kujidhuru.' Hili la kujidhuru vipi?"

"Ulikuwa utani wa karoti."

"Utani wa karoti." Nathanaeli alifumba macho kidogo. "'Mzazi anajipa alama mbili kati ya kumi. Alipoombwa kutaja sifa nzuri za mtoto hakutaja hata moja. Anamwita mtoto kwa jina la kudhalilisha. Ukaribu wa kihisia ni mdogo sana.' Unaelewa maana yake?"

"Kwamba nimefeli."

"Maana yake ni kwamba wewe humpendi mtoto wako."

Abubakari alikuwa ameshatukanwa sana maishani, na madalali, na wakwe, na mama yake. Hakuna tusi lililowahi kumfika pale. Alifungua mdomo acheke, kama kawaida yake, kicheko hakikutoka.

"Sasa sikiliza," alisema Nathanaeli. "Kuna kikao kimoja kimebaki, Alhamisi ijayo. Wewe na mtoto mtakaa chumba kimoja, Jesca atawaangalia. Baada ya hapo anaandika ripoti ya mwisho inakwenda mahakamani. Ikitoka kama hii, mtoto atabaki kwa walezi mpaka asikukumbuke. Kwa hiyo msifie. Maneno mazuri, matamu, huku unamtazama machoni. Si kazi ngumu hiyo."

"Si ngumu," alisema Abubakari.

Nathanaeli akamwandikia kwenye kipande cha karatasi, kama daktari anayeandika dawa: Mwanangu, wewe ni mzuri. Wewe ni wa thamani sana. Ninajivunia wewe.

*

Alifanyia mazoezi kwenye kabeji. Alisubiri majirani washuke, akachuchumaa mbele ya kabeji moja kubwa, akatoa karatasi.

"Mwanangu," aliiambia. "Wewe ni..."

Akatazama huku na huku. Ukungu ulikuwa umefunika bonde lote, hata mtu wa hatua kumi asingeonekana. Hata hivyo aliikunja karatasi, akaikunjua. Akajaribu tena, akafika kwenye "mzuri," akajikuta amelisema kama mtu anayemnong'oneza mwenzake bei ya magendo.

"Unaongea na kabeji?" Bi Hawa alikuwa amesimama juu ya tuta, mzigo wa kuni kichwani.

Abubakari akasimama haraka. Alimwambia mama yake kila kitu, ripoti, Alhamisi, karatasi. Bi Hawa alitua kuni. Hawakuzungumza Kiswahili tena. Mambo mazito nyumba ile iliyazungumza kwa Kishambaa.

"Utayasema hayo mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Na dirisha liko wazi?"

"Liko wazi, mama."

Bi Hawa alijipangusa vumbi la kuni mabegani. "Likimpata jambo," alisema, "usije ukanililia mimi. Nilikuonya mara ya kwanza, hukunisikia."

"Nisipoyasema hatarudi kabisa. Kipi afadhali?"

Bibi alivuta kanga usoni. Alikuwa hajamwona mjukuu wake wiki nne. "Basi yaseme," alisema. "Yaseme upesi upesi. Na usiyaseme yote matatu."

*

Alhamisi chumba kilikuwa kimewekewa mkeka, vitofali vya plastiki, na mwanasesere mwenye nywele za njano. Jesca alikaa pembeni na faili lake. Sista Secilia, mama mnene mwenye sauti ndogo, aliingia amemshika Rahma mkono.

Abubakari karibu asimtambue. Alikuwa amesukwa, ana shanga kwenye kila msuko, amevaa gauni la waridi na viatu vinavyowaka taa kila anapokanyaga. Mashavu yalikuwa yamejaa. Wiki tano tu. Aliona wazi, na wivu ukamchoma, kwamba mtoto huyu anakula vizuri zaidi kwa serikali.

Rahma alimtazama baba yake na lile koti la harusi. "Shikamoo," alisema, kama alivyofundishwa kuwasalimu wageni.

Hiyo ilimwuma kuliko ripoti. Akapiga magoti kwenye mkeka, akapiga na moyo konde.

"Rahma," alisema. "Mwanangu. Wewe ni mzuri."

Mtoto akaacha kuchezea shanga.

"Wewe ni wa thamani sana." Jasho lilikuwa linamtoka kwapani ndani ya baridi ile. Alimtazama machoni, kama alivyoelekezwa. "Ninajivunia..."

Mdomo wa Rahma ulianza kutetemeka. Akarudi nyuma hatua moja, taa za viatu zikawaka, akarudi nyingine, mpaka mgongo ukagusa sketi ya Sista Secilia. Akaikamata kwa mikono miwili, akaangua kilio.

"Sitaki! Sitaki!"

"Hutaki nini, mama?" aliuliza Sista, akiinama.

"Asiniite hivyo! Akiniita hivyo nachukuliwa na gari!"

Ndipo Abubakari alipokumbuka. Siku ile ya gari na karatasi, Rahma alipopakiwa kiti cha nyuma, yeye alisimama mlangoni akiwa hana la kufanya na mikono yake. Kwa kuwa hakutaka mtoto aone anavyolia, alimwambia neno ambalo hakuwahi kumwambia: nenda, mwanangu mzuri. Mlango ukafungwa, gari likaondoka. Mtoto wa miaka minne alikuwa amefanya hesabu yake, na hesabu ilikuwa sahihi.

Jesca aliandika. Abubakari aliisikia kalamu ikienda na akajua inachoandika: mtoto anamkimbia baba. Kila alichogusa katika jambo hili kiliharibika mkononi mwake. Alicheka, kwenye picha, akaharibu. Alitania, akaharibu. Sasa ametii, ameharibu kabisa. Basi akakata tamaa, na mtu aliyekata tamaa husema kwa sauti yake mwenyewe.

"We Kibovu!" alifoka. "Nyamaza huko! Nani akuchukue wewe? Na pua hilo la boga? Gari gani litakubali kupakia pua hilo?"

Kilio kikakatika katikati.

"Mtazame alivyonenepa, kama kiazi cha mbegu. Umekula chakula chote cha Lushoto umemaliza? Watu wa mjini wanalala njaa kwa ajili yako!"

"Tate?" alisema Rahma, akimwita baba kwa Kishambaa.

"Tate nini? Mbovu mkubwa wewe. Bibi yako anasema usirudi, anapumzika na kukoroma kwako."

Rahma aliachia sketi. Alipita juu ya vitofali, akamkanyaga mwanasesere tumboni, akampanda baba yake kama anavyopandwa mti, goti kwenye paja, mguu kwenye mfuko wa koti la watu, mpaka akafika shingoni na kuing'ang'ania.

"Wewe ndiye mbovu," alimwambia sikioni, akivuta kamasi. "Bibi hakusema."

"Hakusema," alikiri Abubakari. "Nimedanganya."

Alifumba macho. Sista Secilia alikuwa anajifuta yake kwa upande wa kitambaa cha kichwa. Jesca alikuwa ameacha kuandika.

*

Rahma alipotolewa nje kunywa maziwa, Jesca alifunga faili. Kisha akainuka, akafunga na dirisha.

"Baba Rahma, naomba unisaidie kuelewa. Yale maneno ya kwanza, nani alikupa?"

"Bwana Nathanaeli. Usimgombeze, alitaka kunisaidia."

"Na jina la Kibovu?"

Abubakari alitafuta mzaha wa kujifichia, hakupata. "Huyu ni wa pili," alisema. "Wa kwanza alikuwa Mussa. Ana miezi mitano tulimpeleka kliniki, akapimwa, nesi akasema katika watoto wote wa siku ile hakuna aliyemfikia. Kilo nane na nusu. Mimi, unavyoniona nilivyo na mdomo, nilipita sokoni. Mama aliniambia ninyamaze. Kila niliyekutana naye nilimwambia: kilo nane na nusu, mzaeni wa kwenu. Nikamwinua juu watu wamwone."

Akaishusha mikono yake, ambayo hakujua kama ameiinua.

"Siku ya tisa tulimzika."

"Aliugua nini?"

"Homa ya mapafu."

"Homa ya mapafu," alisema Jesca taratibu, "inaletwa na vijidudu, Baba Rahma. Si maneno yako."

"Najua. Nimesoma mpaka la saba, najua vijidudu." Alimtazama kwa mara ya kwanza bila kumwogopa. "Lakini wewe ungekuwa mimi, halafu ukajaliwa mwingine, ungethubutu?"

Jesca alikaa akitazama mkeka, vitofali vikiwa vimetawanyika, na alionekana kama mtu aliyesomea jambo kwa miaka minne na sasa anatafuta ukurasa ambao haumo.

*

Uamuzi ulitoka baada ya majuma mawili. Nathanaeli aliwaita wote: Abubakari na Bi Hawa upande mmoja wa meza, Sista Secilia na Rahma kwenye benchi nje ya mlango. Mlango haukufungwa kwa sababu kitasa kilikuwa kimekufa tangu masika, na baraza lilijaa watu kama siku zote.

"Mahakama imekubali mtoto arudi," alisema Nathanaeli. Bi Hawa alishika meza. "Kwa masharti. Asifungwe tena shambani. Aanze chekechea. Nitakuja kila mwezi kwa miezi sita. Na kuhusu majina, mwanasaikolojia ameandika aya ndefu kweli, sijawahi kuona, lakini mwishoni anasema mwacheni."

"Mwenyezi Mungu ambariki," alisema Bi Hawa.

"Bado kitu kimoja." Nathanaeli aligeuza fomu, akaweka kidole kwenye mistari mitatu mitupu. "Hapa inatakiwa kauli ya mzazi, kwa maneno yake. Kwa nini unataka mtoto arudi kwako. Mimi naandika, wewe unasema, halafu unatia sahihi. Bila hii haiendi."

Abubakari alitazama mlango. Kwenye benchi aliona viatu vya Rahma vikining'inia, na kando yake miguu ya watu wasiojulikana, jozi saba au nane. Wote walikuwa wametulia. Mtu mmoja alikuwa ameacha hata kutafuna.

"Siwezi kuandika mwenyewe?"

"Fomu inasema kauli. Sema tu, bwana. Watu wanasubiri."

Bi Hawa alikuwa ameinamisha kichwa. Hakumkataza. Midomo yake ilikuwa inakwenda bila sauti, na Abubakari akajua anamwombea.

Akafikiria kusema kwamba anahitaji mtu wa kumsaidia kazi akikua. Akafikiria kusema kwamba nyumba imepooza. Yote yalikuwa kweli nusu, na yote yangepita. Lakini alimkumbuka Nathanaeli akisoma ile karatasi, wewe humpendi mtoto wako, na akaona kwamba hawezi kuliacha neno lile likae kwenye faili la serikali bila kujibiwa.

"Nampenda," alisema.

Ilitoka ndogo. Nathanaeli aliinua kichwa, akaitikisa kalamu, akaikwaruza pembeni mwa karatasi.

"Wino umegoma. Umesemaje? Rudia, kwa sauti."

Abubakari alisimama, maana kukaa alishindwa.

"Nimesema nampenda!" Sasa baraza zima lilisikia. "Nampenda kuliko roho yangu. Hakuna mtoto kama yule Malindi yote. Ana akili, ana huruma, akicheka mimi nasahau nadaiwa na nani. Nampenda kuliko kitu chochote nilicho nacho. Andika hivyo."

Nathanaeli aliandika hivyo. Abubakari alitia sahihi upesi upesi, jina lake likatoka kama la mtu mwingine.

Kisha akatoka, akamwinua Rahma kwenye benchi bila kumwangalia mtu yeyote usoni, akamshukuru Sista kwa haraka iliyokaribia ukorofi, akaondoka naye. Bi Hawa alifuata nyuma, akipiga hatua ndefu kuliko umri wake. Walishuka kwenda stendi jua likiwa kali, siku nzuri kabisa, hakuna hata wingu, na Abubakari aliikagua kama mtu anayetafuta mahali itakapopasukia.

"Tate," alisema Rahma walipofika karibu na soko. "Unaniumiza mkono."

"Najua."

"Legeza."

"Vumilia, Kibovu," alisema Abubakari, na hakulegeza. "Tukifika nyumbani."